Wati Mingi, Muziki Kidogo

Katika kijitabu hiki tumezoea kuandika juu ya mambo ya wazee: ndoa, mahari, majina, ngoma, misiba. Leo ninaomba ruhusa ya kuandika juu ya kintu chenye waya, vifungo na bafle, kintu kinachoitwa ampli ya gitare. Wengine watacheka. Wacheke kwanza, halafu wasome mpaka mwisho. Mu chama chetu kintu hiki kimeleta maneno mengi, na maneno hayo si ya vifungo tu, yanagusa mikono ya watoto wetu.

Shauri lenyewe ni hili. Vijana wetu wa kikundi cha nyuzi wanapiga nyimbo za country, zile za Jim Reeves, za Don Williams, za Jimmie Rodgers, na pamoja nazo nyimbo za zamani za gitare ya Katanga. Gitare ziko tatu. Ampli haiko. Wanachama walichanga pesa, dolare moja moja, karibu mwaka muzima. Sasa pesa imetosha, na wakubwa wa komite wanataka kununua ile ampli ndefu kama kabati, wati 100, bafle nne, na kifungo cha kufanya sauti ikwaruze. Mimi nilisimama mu kikao nikasema hapana. Walinijibu: «Mukubwa, kama uko na sababu, andika.» Basi, njo ninaandika.

Tuanze na wale wanaosema kwamba shauri lote halituhusu. Mmoja wao alisema mbele ya watu: «Country ni muziki ya bazungu, muziki ya ngombe na farasi. Ampli yoyote itafaa, maana hata muziki yenyewe haiko yetu.» Neno hili linasemwa mara nyingi, na ni neno la mutu asiyejua ukoo wa muziki huo.

Banjo, ambayo bila yake country ya zamani haingekuwa vile ilivyo, ilizaliwa mu mikono ya Waafrika waliopelekwa utumwani Amerika. Harmonika iliyosikika kila juma katika redio ya Grand Ole Opry kule Nashville, tangu miaka ya 1920 mpaka 1941, ilikuwa ya DeFord Bailey, mutu mweusi. A. P. Carter alipozunguka milimani kutafuta nyimbo za jamaa yake, Carter Family, alisaidiwa na Lesley Riddle, mpiga gitare mweusi, ambaye alishika nyimbo kwa kichwa wakati mwenzake anaandika maneno. Na kule Kentucky kulikuwa na mutu mweusi mwingine, Arnold Shultz, aliyekufa mwaka 1931. Namna yake ya kupiga gitare, kidole gumba kikipiga besi na vidole vingine vikiimba juu yake, ilipita kwa Kennedy Jones, ikapita kwa Mose Rager, ikafika kwa Merle Travis. Kutoka kwa Travis ikafika kwa Chet Atkins, na kutoka kwa Atkins ikafika dunia nzima.

Sasa sikilizeni vizuri, ndugu zangu wa Katanga. Huyo Merle Travis alitoka mu nchi ya migodi ya makaa. Wimbo wake Sixteen Tons, aliourekodi mwaka 1946, unasema juu ya mufanyakazi wa mgodi ambaye deni lake kwa duka la kampani haliishi. Nani mu Likasi, nani mu Kolwezi, nani mu Kipushi anahitaji kufasiriwa maneno hayo? Na Travis alipiga kwa vidole viwili: gumba na kile cha kuonyesha. Mwaka 1952, Hugh Tracey alipomrekodi Mwenda wa Bayeke kule Jadotville, njo Likasi ya leo, alimkuta mutu mmoja na gitare moja, bila ampli, naye anapiga kwa vidole viwili: gumba na kile cha kuonyesha. Sisemi kwamba mmoja alimufundisha mwenzake. Ninasema kwamba mikono hii miwili ilifika mahali pamoja, na inahitaji kintu kimoja: kusikika.

Wala sahani za country hazikuchelewa kufika Afrika. Mwaka 1950 Hugh Tracey huyo huyo alirekodi wasichana wa Kipsigis kule Kenya wakiimba juu ya «Chemirocha», na jina hilo ni Jimmie Rodgers mu kinywa cha Kipsigis. Jim Reeves alicheza sinema kule Afrika ya Kusini mwaka 1963. Don Williams alipanda jukwaa kule Harare mwaka 1997. Kwa hiyo anayesema country ni mgeni aliyefika jana kwa simu, huyo hakuuliza wazee wake.

Sasa tuje kwenye ampli. Komite inategemea neno moja: wati. «Ampli ya wati 100 njo ampli. Ile ya wati 20 ni karadio ka jikoni.» Neno hili nimelisikia sokoni, nimelisikia kanisani, nimelisikia kwa wapiga gitare wenyewe. Ni la kupotosha.

Wati haipimi uzuri, na hata ukali wa sauti haiupimi vile tunavyofikiri. Ukitoka wati 50 ukaenda wati 100, sauti inapanda desibeli 3 tu, kintu ambacho sikio linasikia kama hatua ndogo. Ili sikio liseme «sasa imekuwa mara mbili», unahitaji nguvu karibu mara kumi. Maana yake, kati ya ampli ya wati 100 na ile ya wati 10, zenye bafle ya namna moja, tofauti ni kama mutu anayeongea na mutu anayeongea mara mbili zaidi. Siyo radi na panya. Tena bafle yenyewe ina neno lake. Bafle moja inayopokea vizuri inaweza kukupa desibeli 3 zaidi ya ingine kwa nguvu ile ile. Ni sawa na kununua wati mara mbili bila kulipa. Lakini nani mu kikao aliuliza juu ya bafle? Hakuna. Wote walisoma namba iliyoandikwa mbele kwa rangi ya dhahabu.

Wale wanaojua kidogo wananijibu: «Lakini Buck Owens na Don Rich, si walipiga na ma-ampli makubwa ya Fender?» Jibu zuri, na linastahili kujibiwa kwa heshima. Ndiyo, Fender Twin Reverb, iliyotoka mwaka 1963, ilikuwa na wati 85 na bafle mbili za inchi 12. Wapiga country wengi waliipenda na wanaipenda mpaka leo. Waliipendea nini? Mutu akijua jibu la ulizo hili, ameshajua kuchagua.

Gitare ya Telecaster ambayo Leo Fender aliitoa Fullerton, California, mu mwanzo wa miaka ya 1950, ina sauti kali, yenye makali ya kisu. Country inataka kila uzi usikike peke yake: uzi unapovutwa ukalia kama mutu anayeita, uzi unapozuiwa na kiganja ukakatika, besi inapotembea chini yake hatua kwa hatua. Ampli ikifika mwisho wa nguvu yake, inaanza kukata vichwa vya sauti. Pale nyuzi zinashikamana, zinakuwa uji. Kwa mpiga rock, uji huo ni chakula. Kwa mpiga country ni msiba. Ndiyo sababu watu wa Bakersfield walitaka nguvu ya akiba. Walipiga mu mabaa yenye kelele, mu mji wa pamba na mafuta, mbele ya wafanyakazi waliochoka, na zamani hizo sono haikubeba gitare kama leo. Sauti yote ilipaswa kutoka kwa ampli yenyewe. Wati 85 zile zilinunuliwa ili ampli isikwaruze. Komite yetu inataka wati 100 ili ikwaruze. Mutu ananunua gari kubwa kwa ajili ya breki nzuri, mwingine ananunua gari lile lile kwa ajili ya kugonga ukuta; tusiseme wamenunua kintu kimoja.

Na kama ushahidi huo hautoshi, tumtazame Travis mwenyewe, baba wa kidole gumba. Mwaka 1953 mutu mmoja wa California, Bob Crooks, alianza kutengeneza ma-ampli yaliyoitwa Standel. Travis alikuwa mu wale wa kwanza kuzitumia, na Chet Atkins akafuata. Ampli hiyo ilikuwa na wati ngapi? 25. Na bafle ngapi? Moja, ya inchi 15, nzuri sana. Wati 25 na bafle moja! Mu kikao chetu ingeitwa karadio ka jikoni, na wakuu wa kidole gumba duniani waliona inawatosha.

Kuna kundi la pili mu komite, wasomi zaidi, ambao hawapendi kelele lakini wana dini yao ingine. Hao wanasema: «Bila lampi hakuna country.» Wanataka tuagize ampli ya lampi kutoka Marekani, iliyotumika. Ninawaheshimu, kwa sababu masikio yao si mabaya. Lampi, zile taa za kioo zinazowaka ndani ya ampli, zinatoa sauti laini, na zinapofika mwisho zinakata sauti kwa upole kuliko transista. Deluxe Reverb ya Fender, wati 22 na bafle moja ya inchi 12, ni kintu kizuri sana mu nyumba yenye umeme wa kweli.

Lakini tunaishi wapi, ndugu zangu? Ampli iliyotengenezwa kwa soko la Marekani inakula volti karibu 120. Ukutani mwetu inatoka 220, siku ingine 160, na siku ingine, wakati delestaje inaisha na umeme unarudi kwa hasira, hatujui inatoka ngapi. Mimi mwenyewe nililipa shule hiyo. Mwaka 2009 nilinunua ampli ya lampi iliyotumika kwa muuzaji mmoja ambaye sitamutaja. Nilimuuliza: «Volti iko namna gani?» Alijibu: «Itafanya tu, papa.» Sikugeuza ampli kusoma kibati cha nyuma. Nilichomeka mbele ya watoto wangu wote. Taa ziliwaka vizuri sana, kuliko desturi, halafu moshi ukatoka, harufu ya transfo iliyoungua ikajaa nyumba siku tatu. Lampi mpya nilitafuta mu mji wote sikuzipata. Bibi yangu aliifanya ampli ile meza ya kuwekea ndoo ya maji, na mpaka leo iko pale.

Tena nani aliwaambia kwamba watu wa country wenyewe wana dini ya lampi? Waangalieni wapiga gitare ya chuma, ile inayolazwa mbele ya mpigaji, yenye pedali, na nyuzi zake zinateleza kama kilio. Hakuna sauti iliyo country kuliko ile. Basi tangu miaka ya 1970 wapigaji hao kwa wingi walihamia kwenye ma-ampli ya transista ya Peavey, kampani ya Meridian, Mississippi. Walihama kwa sababu walitaka sauti safi isiyochoka, na transista iliwapa. Roland ya Japani nayo, tangu mwaka 1975, inatoa Jazz Chorus 120, ampli ya transista ambayo usafi wake unajulikana dunia nzima. Na mwaka 2019 Fender wenyewe walitoa Twin Reverb isiyo na lampi hata moja, inayoiga ile ya zamani kwa kompyuta, na uzito wake ukashuka karibu nusu. Angalieni kintu kimoja pale: ili kuiga wati 85 za lampi bila kukwaruza vibaya, waliweka wati 200. Na kuiga ile Deluxe ya wati 22, waliweka 100. Hapo mutaona kwamba namba peke yake haina maana mpaka ujue ni wati za nini.

Najua kuna jibu lingine wanaloniwekea, na sitaki waseme nililificha. Watasema: «Sauti ya kukwaruza yenyewe ilizaliwa Nashville, mu wimbo wa country!» Ni kweli. Mu wimbo wa Marty Robbins, Don't Worry, uliotoka mwaka 1961, Grady Martin alipiga gitare ya besi yenye nyuzi sita, na chombo cha studio kiliharibika katikati ya kazi, sauti ikatoka kama nyuki mu chupa. Waliipenda, wakaiacha, na baadaye mafundi wakatengeneza kisanduku cha kuiga ule ubovu. Lakini sikilizeni wimbo ule. Kukwaruza kunatokea kwa muda mfupi, halafu kunaondoka, na wimbo wote mwingine ni safi kama maji. Ni pilipili. Komite inataka kupika sufuria nzima ya pilipili na kuiita bukari. Tena, anayetaka pilipili siku moja, kisanduku kidogo cha pedali kinauzwa kwa bei ndogo na kinawekwa mbele ya ampli safi. Kukwaruza kunaweza kuongezwa juu ya sauti safi. Kutoa usafi mu ampli chafu, hapana, haiwezekani.

Mpaka hapa nimesema juu ya vyombo. Sasa niseme kile kilichonifanya nisimame mu kikao.

Mu kikundi chetu kuna binti mmoja, sitamutaja jina. Alijifunza gitare kwa babu yake, na babu yake alikuwa wa kizazi kile kilichopiga mu kambi za wafanyakazi. Binti huyo alikuwa na kidole gumba chenye akili yake. Unamsikia anapiga wimbo wa country, besi inatembea, inarudi, inangoja, na juu yake wimbo unaimbwa na kidole kimoja. Wazee wakimsikia walinyamaza. Halafu mwaka jana, kwa ajili ya sherehe moja, tuliazima ampli kubwa, ndugu ya hii ambayo komite inataka kununua. Alipiga dakika mbili tu. Kidole gumba kikipiga, besi ilivimba ikafunika kila kintu. Akipiga polepole, hakusikika. Akikaza kidogo, sauti ilipasuka. Vijana wenzake walimwambia: «Yaya, acha vidole, kamata mediatere, piga akorodi tu.» Alikamata mediatere. Watu walicheza, sherehe ikaisha vizuri, komite ikafurahi.

Tuliendelea kuazima ampli ile miezi mitano. Wiki hizi nilimwomba binti anipigie wimbo mmoja wa babu yake, nyumbani, bila ampli. Aliweka mediatere chini, akaanza, akasimama. Akaanza tena. Kidole gumba kilikuwa kinafuata wimbo badala ya kutembea peke yake. Aliniangalia akasema: «Papa, kimesahau.»

Ninyi munaosema ampli ni chombo tu, munijibu juu ya neno hilo. Ampli ni mwalimu. Ukimpa mutoto ampli ambayo inajibu kila tofauti ya kidole chake, polepole ikiwa polepole, kali ikiwa kali, mutoto anajifunza kutafuta tofauti zaidi. Ukimpa ampli ambayo inageuza kila kintu kuwa kelele moja, mutoto anajifunza kwamba vidole havina faida, na atakuwa amejifunza vizuri, kwa sababu mu ampli ile kweli havina faida. Babu hakufa na urithi wake, alimuachia mjukuu. Sisi, chama cha kulinda desturi, tuliazima kisanduku kikaufuta mu miezi mitano. Na sasa tunataka kukinunua!

Wazee wetu walisema kidole kimoja hakiui chawa. Country ya Travis na gitare ya Mwenda zote mbili zinakaa mu methali ile: gumba na mwenzake. Anayenyamazisha kimoja ameua muziki wote, hata kama watu wanacheza.

Sasa, kukataa bila kupendekeza ni kazi ya mvivu. Haya njo mapendekezo yangu kwa komite.

Tununue ampli moja ya transista, safi, kati ya wati 40 na 60, yenye bafle moja ya inchi 12, iliyotengenezwa kwa volti 220 mpaka 240. Tusome kibati cha nyuma kabla ya kutoa hata dolare moja. Iwe na vifungo vitatu vinavyojitegemea vya sauti nzito, ya kati na nyembamba, maana Telecaster na ndugu zake zinahitaji kupunguzwa makali kidogo, na gitare ya mbao yenye mikro ndani inahitaji kupunguzwa tumbo. Iwe na mwangwi mzuri. Zamani mwangwi huo ulitoka kwa resori, zile nyuzi za chuma zilizozungushwa ndani ya kibati chini ya ampli; leo nyingi zinauiga kwa elektroniki. Zote zinafaa, mradi uwekwe kidogo. Country inataka chumba nyuma ya sauti, haitaki pango.

Pesa itakayobaki, na itabaki, tununue stabilizatere kwa ajili ya umeme wetu, na mikro moja ya kuweka mbele ya bafle. Siku ya sherehe mu uwanja, watu wengi, mikro itapeleka sauti ya ampli kwa sono, na sono ndiyo yenye kazi ya kufikia watu mia tano. Ampli ina kazi ya kutengeneza sauti, siyo kuibeba mpaka barabara ya lami. Tangu tumekubali sono mu sherehe zetu, ampli kubwa ya gitare imebaki na kazi moja: kumzuia mwimbaji asijisikie.

Na namna ya kujaribu, ninaomba iwe hii. Tusimpeleke dukani kijana anayejua kupiga haraka. Tumpeleke yule binti, na gitare yake mwenyewe. Vifungo vyote viwekwe katikati. Apige kwanza kwa gumba peke yake, polepole: je, kila sauti nzito ina mwanzo na mwisho, ao inalala juu ya ingine? Apige kwa vidole viwili: je, unaweza kuimba besi na wimbo kila kimoja peke yake? Halafu tupandishe sauti mpaka kiasi cha chumba chetu cha mikutano, naye akaze mkono: je, imebaki safi? Mwishoni asiguse nyuzi, tusogee karibu tusikilize kama kuna mngurumo. Wakubwa wa komite wasimame hatua tano nyuma, macho yamefungwa, ili wasisome namba ya dhahabu.

Watu wameniambia kwamba ninapigana na komite kwa ajili ya kiburi. Basi ninaweka sharti mbele ya wasomaji wote. Ampli zote mbili zijaribiwe siku moja, mu chumba kimoja, binti akipiga wimbo mmoja wa country na wimbo mmoja wa babu yake. Kama masikio ya wanachama, macho yamefungwa, yatachagua ile ya wati 100, nitanyamaza, na mchango wangu nitauacha mu sanduku bila kuuliza. Lakini ichaguliwe kwa sikio. Isichaguliwe mu karatasi ya kikao, na binti hayuko.

Kikao kinachofuata ni Jumapili ya pili ya mwezi. Nimemwomba binti aje na gitare. Amekubali, lakini ameniambia anahitaji siku hizi zote za kujizoeza, bila ampli yoyote, mpaka kidole kikumbuke.